Anayeshuka Humpisha Mwenye Mzigo

Vijana wangu wa baiskeli,

Mjukuu wangu Nsimire ameniambia kwamba kwenye kundi lenu la simu mnabishana ni njia ipi ya milimani iliyo tamu kuliko zote, na kwamba mmoja wenu aliandika, "Tuulize Papa Bisimwa, yeye alizipita zote." Huyo ana akili, mpeni maji ya kunywa. Ni kweli nilizipita zote. Nilizipita kabla hamjazaliwa, juu ya baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama mbuzi mwenye mimba, bila gia, bila kofia ngumu, na bila hizo suruali zenu zinazobana hadi mzee anaona haya kumtazama mtoto wa jirani. Tena mimi sikuwa matembezini. Nilikuwa kazini.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka chanjo. Depo ya dawa ilikuwa hapa Bukavu, na vituo vya afya vilikuwa huko juu vilimani au mbali bondeni, mahali ambapo gari lilifika siku lilipojisikia. Asubuhi tulipanga chupa ndogo za chanjo ndani ya sanduku la baridi, tukaweka barafu pembeni, tukalikaza nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi la zamani, na safari ikaanza. Huko nilikokuwa naelekea, akina mama walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi na watoto wao mgongoni. Chanjo ikipata joto inakufa, na ikifa haisemi. Inabaki vilevile kwenye chupa, maji safi kabisa, inamdanganya mama na inamdanganya muuguzi. Kwa hiyo sikuwa mwendesha baiskeli tu. Nilikuwa friji lenye miguu, na najivunia hilo mpaka leo.

Mwaka jana mliniomba niandike nikakataa. Leo nakubali kwa sababu ya njia moja, ile inayotoka Kabare na kushuka hadi Bagira. Nyinyi mnaiita "njia ya Nsimire" kwa kuwa ndiye aliyewapeleka. Jina lake la kweli ni njia ya Nabintu, na mwenyewe yuko hai. Mnakumbuka niliwaomba mpite pale kila Jumamosi kiangazi chote, kwa sababu ilikuwa inataka kufungwa. Mlichofanya mnakijua. Msichokijua ni maneno yaliyosemwa siku ambayo shefu wa kijiji alikuja kuiamua, maana nyinyi mlikuwa juu mnafunga kamba za viatu, na sisi wazee tulikuwa chini tunangoja hukumu. Nitafika huko. Msinikimbize, sijawahi kukimbizwa na mtu mteremkoni.

Nianze na kusini. Ukitoka Nyangezi ukafika Ngomo, nchi inakatika. Uko kwenye baridi, miguuni mwako unaona bonde la Ruzizi limelala kwenye joto, na barabara inajikunja-kunja kushuka huko. Mara ya kwanza nilipelekwa na Papa Mugisho, fundi wetu mkuu pale depo, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa aliyezipa baiskeli zetu majina ya mashangazi zake. Kileleni alisimama, akakata tawi la mkaratusi lenye majani, akalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli yangu liburuzike chini.

"Papa, hii tawi ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni frein ya tatu," akajibu, yaani breki. "Ile ya mbele itaungua, ile ya nyuma itaungua, na weye utaanza kuita mama yako. Tawi haiunguake."

Nilicheka. Kwenye kona ya tatu nilinusa mpira unaungua nikaacha kucheka. Nyinyi mna breki za sahani, ambazo nilizijaribu kwa siri kwenye baiskeli ya Nsimire, na nawaambia kama ningekuwa nazo zamani ningemwoa mwanamke mwingine, maana yule wa kwanza alinipendea makovu. Lakini hata hizo zinapata moto. Usizikamate moja kwa moja kama mtu anayekamata kuku. Finya, achia, finya, achia. Na macho yako yaende mahali unapotaka kufika. Ukilitazama shimo, gurudumu nalo litataka kuliona.

Chini ya Ngomo msikae barabarani na malori. Kuanzia Luvungi hadi Sange kuna vijia vya wakulima kati ya mashamba ya mpunga, vimenyooka, vigumu, laini kama sakafu. Pale ndipo nilipopata mwendo wangu mkubwa kuliko wote. Shida ni mbili. Mchana upepo unaamka na kukusukuma kifuani, kwa hiyo anza mapema. Ya pili ni miiba midogo. Siku moja nilitobolewa mara nyingi hadi viraka vikaisha, Sange bado iko mbele na jua linapanda. Milimani tungejaza tairi majani makavu ya ndizi. Hapo hakukuwa na ndizi, nikajaza nyasi za mpunga, nikashindilia kwa kijiti, nikapanda. Ilikwenda! Nilipoingia Sange watu walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu. Nilifikiri wanashangilia chanjo. Kugeuka nyuma, naona ndama ananifuata, anavuta nyasi zilizochomoza kwenye tairi langu na kutafuna taratibu. Barafu lilikuwa bado gumu. Mwandikieni hivyo yeyote atakayewauliza.

Kaskazini ni habari nyingine. Unapita kijiji cha Miti, unapanda kwenye msitu wa mianzi ambako ukungu unakulowesha bila mvua, halafu unashuka, unashuka, joto linarudi, michikichi inaanza, na udongo unakuwa mwekundu. Hiyo ni njia ya Bunyakiri, na kwa mtu anayependa baiskeli hakuna mteremko mrefu na wenye heshima kama ule. Lakini leo msiende kwa sababu mzee ameusifu. Mambo ya huko mnayajua kama mimi. Ulizeni kwanza wenyeji, ulizeni tena siku yenyewe, na wakinyamaza rudini nyumbani. Njia ikiwa nzuri itawangoja.

Wakati wangu, adui wa Bunyakiri alikuwa matope. Yanajaza kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, unabaki unabeba baiskeli iliyotakiwa kukubeba wewe. Chonga kijiti cha mwanzi, kibapa kama mwiko, kifunge kwenye fremu. Mimi kijiti changu nilikitunza kuliko saa yangu. Na kwenye madaraja ya magogo, usivuke na kila kitu mara moja ukijiona shujaa. Papa Mugisho alitufundisha kuvusha sanduku kwanza, kurudi, kisha kuvusha baiskeli. Nilimuuliza kama siyo kupoteza muda.

"Kinga tunauzishaka ku soko," akasema, na kinga kwetu ndiyo baiskeli. "Ikianguka mu maji, tutanunua ingine. Sasa ile surua ikikamata mutoto ya mutu, utamununulia ingine wapi?"

Jingine la Bunyakiri: kuuliza si ujinga, lakini jua namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu wa milimani kama ni mbali, atakuambia "apa tu", kwa sababu ana adabu na hapendi kukuvunja moyo. Nimelala njaa mara nyingi kwa sababu ya "apa tu". Muulize hivi: ukitoka sasa na gunia la muhogo, utapumzika wapi kwanza? Hapo ataanza kukutajia vijito, mawe na nyumba za shemeji zake, na utakuwa na ramani nzima.

Sasa nirudi Kabare, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa kazi. Nilikuwa bado mgeni. Nilikuwa nimechelewa, na njia kuu ilizunguka mlima mzima. Nikaona kijia kinachonyooka moja kwa moja kushuka katikati ya migomba. Nikajisemea, Bisimwa, huyu aliyechora barabara ya kuzunguka alikuwa mvivu wa kufikiri. Nikakiachia chombo.

Mnajua jinsi tunavyotengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbichi zinafukiwa shimoni, zinafunikwa majani na udongo, ziive humo kwa joto. Familia moja ilikuwa imechimba shimo lake pembeni kabisa mwa kile kijia, na lilikuwa limefunikwa vizuri hivi kwamba hata mwizi asingelijua. Gurudumu la mbele lililijua. Nilizama na baiskeli hadi kiunoni kwenye ndizi zilizoiva, na sanduku la chanjo likabaki juu ya kichwa changu, maana mikono ilikuwa na akili kuliko kichwa chenyewe. Nilijaribu kutoka nikateleza. Nikajaribu tena nikakaa.

Ndipo akatokea mwanamke anayepanda mlima, mzigo mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wafanyavyo wabebaji wetu. Hakusimama palepale. Alipanda hadi kwenye jiwe kubwa, akauegesha mzigo wake juu ya jiwe, akajivua kamba, ndipo akarudi kunitazama.

"Weye ni mutu wa chanjo?"

"Ndiyo, maman."

"Chanjo iko muzima?"

"Iko muzima."

"Basi leta ile sanduku, weye utatoka kisha."

Huyo ndiye Maman Nabintu. Alilipokea sanduku kwanza, akaliweka kivulini, ndipo akanivuta mimi. Nilinukia kasiksi wiki nzima, na kwenye kituo cha afya muuguzi alinisogelea akanusa pumzi yangu kabla ya kupokea chanjo. Kabare yote iliniita Papa Kasiksi. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, na naitika.

Alipomaliza kucheka, na alicheka hadi akakaa chini, Nabintu aliniuliza, "Ni nani alikwambia upite njia ya mbuzi?"

Nikamwambia nilidhani njia ni njia.

Akanifundisha pale pale, huku ananifuta ndizi kwa majani. Mlimani kuna njia za aina tatu, alisema. Kuna ya mbuzi, hiyo inakwenda moja kwa moja kwa sababu mbuzi ana miguu minne na hana mzigo. Kuna ya mwanaume mwenye haraka, hiyo inaanza vizuri inaishia kwenye shamba la mtu na ugomvi. Na kuna ya mwanamke mwenye mzigo. Hiyo inajipinda mahali ambapo mgongo umechoka. Haipandi ghafula, haishuki ghafula, na kila baada ya kipande kuna jiwe au kingo ya kuegeshea mzigo bila kuinama. Tangu mabibi zake, wanawake walikuwa wameilainisha kwa nyayo zao, kila mmoja akisogeza kona kidogo mahali ilipomuumiza.

"Kinga yako iko na muzigo," akaniambia. "Basi fwata banamuke benye muzigo."

Vijana, hiyo ndiyo siri yangu yote. Mnaniuliza nilizipataje njia tamu Kabare, Walungu, Kalehe. Sikuzitafuta kwenye ramani. Nilikuwa nikifika mahali pageni naangalia wanawake wa soko wanatokea wapi. Kona mnazozisifu nyinyi, zile ambazo baiskeli inaingia na kutoka bila kugusa breki, zilichorwa na mgongo wa mama wa mtu.

Siku hiyo hiyo alinipa na sheria. Anayeshuka humpisha anayepanda na mzigo. Siyo kupunguza mwendo na kupita pembeni huku unasema "samahani". Unashuka kwenye baiskeli, unatoka njiani, unasimama upande wa bondeni ili yeye abaki na upande wa mlima wa kushikilia, unasalimia, unangoja apite. Nikamuuliza kwa nini nisipige tu kengele. Akanivalisha kamba ya mzigo wake kwenye paji la uso, akaniambia nipande hadi kwenye mgomba ule, kisha katikati akaniambia simama. Nilisimama. "Sasa tembea," akasema. Nilishindwa. Ukiwa na mzigo unapanda, mwendo wenyewe ndio unaokubeba. Ukisimamishwa katikati, mzigo unakuwa mara mbili. Jaribuni mwone. Kutoka siku hiyo nilishuka Kabare kwa njia ya Nabintu, na kila tulipopishana nilishuka, nikasimama upande wa bondeni, nikamsalimia "asinge, maman", naye akajibu "asinge, Papa Kasiksi" bila kupunguza hatua.

Nsimire nilimfundisha baiskeli Nguba, kwenye tambarare kando ya ziwa, akiwa bado na meno ya utoto. Sheria hiyo nilimpa kabla ya kumwonyesha kengele. Nyumbani mama yake, ambaye ni mtu wa ofisi, alisema namjaza mtoto mambo ya kijijini. Nikamwambia mlima hauulizi mtu anakaa Nguba au Kabare.

Sasa, ilikuwaje njia ikafikia kufa? Haikuuawa na mtu mbaya. Pikipiki zilikuja. Wasichana wa leo wanapandisha magunia yao kwenye pikipiki wanazunguka barabara kuu, na siwalaumu, shingo ni zao. Wakabaki wanawake wazee wachache wanaokwenda kwa miguu, na Nabintu mbele yao. Nyasi zikaanza kuingia. Na kwetu nyasi ndiyo shahidi: ukikuta nyasi katikati ya njia, hiyo siyo njia tena, ni shamba linalongoja mwenyewe. Mwenyewe akapatikana. Papa Baguma, mtu mwenye heshima, mfanyakazi wa mjini, alinunua kile kipande cha mlima kihalali kabisa ili ajenge nyumba ya kuzeekea. Alipokuja kukitazama aliona nyasi, akapanda miti ya ua kushoto na kulia, akabakiza tu kuunganisha katikati.

Nabintu alinitumia ujumbe kwa muuza maparachichi. Nilipanda kwenda kumwona. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba ua ukifungwa itabidi azunguke barabara kuu pamoja na malori, kwa miguu yake hawezi kwenda na kurudi siku moja, na pikipiki hapandi kwa sababu iliwahi kumwangusha. Kwa hiyo ataacha soko. Alisema hivyo tu, ataacha soko, kisha akaniuliza kama nitakula viazi. Sikuweza kula vizuri. Huyu ni mtu ambaye soko la Bagira linamsalimia kabla ya kanisa kumsalimia. Mwanamke wa Kabare akiacha soko, watu wanaanza kushusha sauti wanapomtaja.

Tulikwenda kwa shefu. Papa Baguma naye akaja, akaeleza vizuri bila kumtukana mtu. Shefu akasema, "Nitakuya mwisho ya kiangazi. Nikikuta nyasi, ni shamba. Nikikuta udongo, ni njia."

Ndipo nilipowaomba nyinyi. Mkaja kila Jumamosi, kumi wakati mwingine, ishirini wakati mwingine, na picha zenu na makelele yenu. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, walisema wahenga. Mlikuwa mnajifurahisha, na huku mnanilimia nyasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulisimama chini ya mteremko mahali ua wa kushoto na wa kulia unapokaribiana: shefu, Papa Baguma, mimi, na wazee wengine wa kijiji. Shefu akainama, akachokora chini kwa fimbo. Udongo ulikuwepo, mtupu na mgumu. Lakini ulikuwa mwembamba kama mkanda wa suruali, alama za tairi tu, na nyasi zimesimama pande zote mbili.

Papa Baguma akasema kwa upole, "Shefu, miye sikatae kama banapita. Lakini hawa ni batoto banacheza. Banakuya Samedi, banapiga picha, banarudia Nguba. Mchezo haiko njia."

Shefu akaitikia kwa kichwa polepole. "Iyo ni kweli. Ata mu uwanja ya mupira nyasi inaisha. Tunaita uwanja njia?"

Watu wakanigeukia nijibu. Nilikuwa nimehesabu nyasi, sikuwa nimehesabu hilo. Na moyoni nilijua Baguma hajasema uongo. Niliona viazi vya Nabintu vikipoa kwenye sahani.

Ndipo Nabintu mwenyewe akaja. Alikuwa anatoka soko, chumvi na samaki na unga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hakujua ni saa ya hukumu, au alijua, sijamuuliza. Alitusalimia bila kusimama, akapita katikati yetu, akaanza kupanda kati ya zile nyua mbili. Na hapo hapo nikasikia minyororo yenu huko juu.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilimjua Nsimire, sikuwajua nyinyi. Niliwaona mnatokea kwenye kona ya juu mmoja nyuma ya mwingine, vumbi likiwafuata, na Nabintu yuko katikati ya njia na kichwa chini, maana aliyebeba kwa paji la uso haoni mbele zaidi ya vidole vyake.

Nsimire alikuwa wa kwanza na kofia yake nyekundu. Aliinua mkono mmoja akaita, "Muzigo!"

Basi. Neno moja tu. Nikaona baiskeli zote zinafunga breki, moja, nyingine, nyingine, hadi ile ya mwisho. Mkashuka wote. Mkatoka njiani, upande wa bondeni, kwenye nyasi na mawe, kila mmoja ameshika baiskeli yake upande wake wa nje kama ukuta, mkasimama mstari mmoja. Hakuna aliyetoa simu. Nabintu akapita mbele yenu kwa hatua yake ile ile. "Asinge, maman." "Asinge, maman." Mmoja wenu, yule mrefu mwenye ndevu ambaye nadhani amekulia Kinshasa, alisema "Mbote, maman," naye akaitikiwa kama wengine. Hakusimama hata mara moja hadi kwenye jiwe lake la kuegeshea. Nyinyi mlibaki mmesimama mpaka alipolifikia.

Shefu akachomeka fimbo yake chini. Kisha akaniuliza, "Ni weye ulibafundisha?"

"Mumoja tu, shefu. Ule wa mbele."

"Na bale bengine?"

"Ule wa mbele njo alibafundisha."

Akamgeukia Papa Baguma. "Ku uwanja ya mupira, ulishaonaka nani anasimamisha mupira kusudi maman apite na muzigo?"

Papa Baguma alikuwa bado anatazama juu, kule mlikokuwa mmeanza kupanda tena baiskeli zenu. Naye ana mama huko kwao Walungu, aliniambia baadaye. Aliinama akashika mti wa kwanza wa ua, akautikisa, akaung'oa kwa mikono yake na viatu vyake vya ofisi. Akauchomeka tena hatua chache pembeni. Akauliza, "Ivi inaenea, ao nizidishe?"

Shefu akasema azidishe, apate nafasi maman mwenye mzigo na mtu aliyesimama pembeni yake na kinga. Hicho ndicho kipimo cha njia ya Nabintu sasa, na ua umeshika, mmeuona.

Mnaniuliza njia ninayoipenda kuliko zote. Ningeweza kusema Ngomo, kwa sababu ya kiburi. Ningeweza kusema Bunyakiri, kwa sababu ya uzuri. Jumatatu nilipanda kumwona Nabintu, na safari hii viazi nilikula hadi sahani ikaisha. Aliniuliza maswali ya kawaida, miguu, mvua, bei ya sabuni. Nilipokuwa nasimama kuondoka akauliza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Papa Kasiksi, ule mutoto musichana wa kofia nyekundu, ni wa nani?"

Nimebeba chanjo kutoka msituni hadi bondeni. Nimeshukuriwa na mapadri, na waganga, na akina mama wasiohesabika. Sijawahi kuulizwa swali tamu kama hilo.

"Ni wetu," nikamwambia. "Na bale benye walikuwa nyuma yake nabo ni betu."